Mgonjwa Namba Arobaini na Moja

Foleni ya zahanati ilifika mlangoni. Fundi wa kompyuta, shati la bluu limelowa mgongoni, alikaa kwenye benchi na wagonjwa kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza pa kwenda. Dirishani, karani wa mapokezi, gauni la kijani, kalamu imechomekwa kwenye nywele, alishamwandika jina kama mgonjwa.

"Namba arobaini na moja. Unaumwa nini, kaka?"

"Siumwi, dada. Nimekuja kuhamishia mfumo wenu kwenye seva mpya."

"Na ukakaa benchi saa nzima?" Alicheka mpaka kalamu ikaanguka. "Basi sikufuti. Utaumwa tu."

Akaumwa kweli. Ndani ya wiki alikuwa akipiga simu kila mchana kuulizia hali ya seva, na seva haikuwa na neno.

Miezi saba baadaye seva ikafa. Fundi akarudisha bekapu, nakala ya akiba, ile iliyoandika "imefanikiwa" kila siku ya Mungu. Ikaja na taarifa za miezi saba nyuma. Wagonjwa wa tangu hapo, hata mmoja hayumo.

Wakubwa tunawajua. Kitu kikiharibika, macho yao hayapandi juu. Hushuka mpaka kiti cha chini kabisa.

"Mtu wa mapokezi anaweza kufuta taarifa?" mkurugenzi aliuliza mbele ya wote.

"Anaweza," Fundi alijibu, akili yote ikiwa kwenye kioo cha kompyuta.

Neno moja hilo. Karani akapewa barua: ajieleze kufikia Ijumaa, la sivyo hana kazi.

Siku mbili hakupokea simu ya Fundi. Ya tatu akapokea, ili amseme.

"Mpenzi, nisikilize…"

"Koma! Mpenzi gani anayenichongea? Nimeifungua hiyo bekapu yako. Unajua nani wa mwisho? Wewe! Jina tu, kwingine kutupu. Baada yako hakuna kiumbe."

"Wa mwisho ni mimi?"

"Umekuwa kiziwi pia?"

"Mama yangu! Uliniandika, nikahamisha mfumo papo hapo. Bekapu sikuihamisha. Imekuwa ikinakili seva ya zamani, miezi saba, inajisifu."

"Fundi mzima unasahau vipi?"

"Kila nikiinua macho, ulikuwa unacheka."

"Usinitupie mimi."

"Sikutupii. Kosa ni langu."

"Basi kaliseme palepale uliponichoma."

Ijumaa alilisema, amesimama, mbele ya walewale. Seva ya zamani ilikutwa stoo chini ya mapazia, bado inanguruma. Barua ikarudi kwenye droo ya mkurugenzi. Radhi hakuna mkubwa aliyeomba. Na hilo hatulisahau.

Karani akatua madaftari manne mezani, miezi saba yote kwa mwandiko wake.

"Uliandika kwa mkono?"

"Kitu kinachojisifu kila siku, sikiamini."

Wakaketi bega kwa bega kuingiza upya. Kabla ya namba arobaini na mbili, Karani alisita.

"Huyu wa mwisho hajakamilika. Hali ya ndoa?"

Fundi alimgeukia. "Ijaze wewe, mpenzi. Utakavyoandika, ndivyo nitakavyokuwa."

Karani alimtazama sana. Kisha akaandika: *Mchumba wa karani wa mapokezi.*

Fundi akamshika mkono. Karani akauchomoa, anatabasamu.

"Tulia. Nakili kwanza, halafu irudishe hiyo bekapu mbele ya macho yangu. Nataka nikuone umo."