Kiti cha Nyuma Kilichooshwa

Saa kumi na moja jioni, Kahongya fundi alipima ile gari kwa vidole, mara ya mwisho. Kati ya tairi na garde-boue, bati la juu yake, kuume: vidole vine. Kushoto nyuma: viwili.

Gari ilikuwa ya Issaka, msafirishaji wa Beni. Nyeusi, ndefu, ya zamani za wakubwa. Ikipita, hata mbuzi walikuwa wanatoka njiani kwa heshima. Sasa, mwaka huu wa 2001, ilikunywa mafuta ya essence kama mutu aliyekuta pombe ya kasiksi ya bure. Radiateur ilichemka hata kwenye muteremuko. Vioo vya umeme vilishuka kwa furaha, kupanda vikagoma. Amortisseur mbili za kuzuia mitikisiko, dola themanini. Ressort, zile springi, mia moja na ishirini. Vyote vilibadilishwa. Kushoto nyuma, bado vidole viwili...

Kama mutu amekaa pale.

Zamani Kahongya angecheka. Butembo nzima hakukuwa na fundi mcheshi kama yeye. Wengine walimletea gari zima wasikie tu maneno yake. Lakini bibi yake wa ndoa, Jokébed, alikwenda kufuata mafuta ya mawese Beni, na taksi yake ikakutwa tupu barabarani, hata siti hapana, milango wazi. Miezi mitano. Kahongya hakucheka tena. Kulia pia, hapana.

"Shemeji," Anne-Marie, dada ya Jokébed, alimwambia mlangoni pa garage, "Jumamosi tunazika shina la mugomba mahali pake. Ukituonyesha alipo, tutamuzika yeye mwenyewe."

"Nitaangalia njiani."

"Na macho gani? Yako yamekauka kama bujie ya moteri!"

Kahongya akaondoka na gari, awahi Beni mbele ya couvre-feu, saa ya kufunga njia.

Harufu ilianza kwenye kilima cha pili. Mawese. Mabichi, ya moto bado.

Kwenye barrière, kizuizi cha njiani, askari aliomba sigara. Kahongya akampa. Askari akainama, akachungulia nyuma.

"Na ya mama huyu wa nyuma je?"

"Mama gani, chef? Niko peke yangu."

"Ah, papa! Mumegombana? Hata kusalimia hapana. Haya, pita."

Kahongya hakugeuka. Alikumbuka kiti. Siti ya nyuma ya Issaka ilikuwa imechanika, akanunua nyingine sokoni, occasion, iliyokwisha kutumiwa, bado mbichi kwa maji ya sabuni; ndipo gari ilianza kuinama. Vita vilikuwa vimewafundisha mafundi wa Butembo sheria moja: kiti kilichooshwa hakiulizwi kimetoka wapi.

Hakuuliza.

"Jokébed?"

Kisha ressort mpya zikalia... nyiii...

Kioo cha mlango wa nyuma kikashuka. Chenyewe.

Chini, penye mikaratusi, mlango wa kushoto ukafunguka. *Kla.* Na mnong'ono, karibu kabisa na shingo yake:

"Ni hapa."

Gari ikanyanyuka. Kahongya alisikia kwa matako, kama fundi anavyosikia: vidole vine. Akajua: ni pale Jokébed alilala. Alipaswa kufunga breki tu, ashuke, aweke jiwe la alama kando ya njia. Mwanga ulikuwa ungalipo. Mbali, risasi ikalia. Moja.

Mguu wake ukakanyaga. Accélérateur, si breki.

Woga, hapana. Moyoni hakusikia kitu. Mlango ulipigapiga hadi kilima kilichofuata, ukajifunga.

Kule Mulekera, ndani ya Beni, Issaka mwenyewe alipima.

"Wallahi, fundi! Vine huku, vine huku! Ilikuwa nini?"

"Kiti."

"Kiti tu? Na ressort zangu za dola mia na ishirini?"

Kahongya alimpa ufunguo.

Jumamosi shina la mugomba lilivalishwa shuka jeupe. Mbele ya shimo, Anne-Marie akamsogelea.

"Shemeji, njiani hukuona kitu?"

"Hapana."

Wakashusha. Wakafukia. Watu wakalia vizuri.

Nyumbani, Kahongya aliketi kitandani kuvua viatu. Harufu ya mawese ikaingia. Nyuma yake, upande wa ukutani, upande wa Jokébed, kitanda kikalia... nyiii...

Hakugeuka. Alishusha mkono, akapima kati ya ubao wa kitanda na sanduku lililo chini yake. Penye magoti yake: vidole vine. Akanyoosha mkono kule ukutani.

Viwili.

"Umekuja na miguu?" aliuliza. "Njia yote ile?"

Taratibu ubao ukapanda kule ukutani, ukashuka kidogo huku kwake. Kisha kidogo tena.