Vidole Vinne Chini ya Goti

Ijumaa jioni, stesheni ya treni Dodoma imefurika watu na mabegi yao, na Yasinta anatembea na kiatu kimoja bila habari. Mtu mwenyewe kapendeza, gauni la kitenge cha bluu, hereni ndogo za dhahabu.

"Dada, umeacha kiatu kule nyuma," Damas alimwambia, kakishika kwa mikono miwili.

"Asante kaka. Mguu huu una ganzi."

"Tangu lini?"

"Tangu ajali. Mwaka wa pili sasa."

Hakusema kwamba ajali hiyo ilimchukua mchumba wake, wala kwamba ganzi haikuishia mguuni.

Damas alikuwa mtaalamu wa tiba ya sindano za Kichina, ana chumba chake Ihumwa. Yasinta akawa anakwenda kila Jumamosi. Damas alipima vidole vinne chini ya pia ya goti, vidole vya Yasinta mwenyewe, maana kipimo ni mkono wa mgonjwa. Hapo Wachina wanapaita zusanli. Alichoma, kisha akauliza, "Imefika?" Mgonjwa akisikia mguu unajaa uzito, sindano imefika.

"Imefika," Yasinta alijibu kila mara.

Uongo mtupu, hakusikia kitu. Aliogopa akikataa ataambiwa pole, asirudi tena. Wakaanza kupigiana simu, wakaitana mpenzi.

Jumamosi ya saba alilala akiangalia feni.

"Imefika?"

"Imefika, mpenzi."

Damas aliinua mkono. "Yasinta, sindano bado ninayo mkononi."

Yasinta akafumba macho.

"Na uliposema unanipenda," Damas aliuliza, "ulisema hivihivi?"

Yasinta aliinuka. Alivaa viatu akaondoka, na mwanamume naye, kwa kiburi chake, hakumfuata.

Wiki tatu simu kimya. Ya nne Yasinta akapiga, hata salamu hakutoa.

"Mguu hausikii kitu. Haujawahi."

"Najua. Na mimi je?"

"Nimejitafuta humu ndani, furaha sijaiona. Lakini kila nikipika napika wali wa watu wawili, kisha namwaga."

Damas alikaa kitako. "Nataka kuja kwenu Busi, nijitambulishe kwa wazee."

"Njoo. Ila siku hiyo naweza nisifurahi."

"Nikikuuliza utaniambia kweli?"

"Nitakuambia. Na nikisema bado, usiumie."

"Sitaumia," Damas alisema, na safari hii mwongo alikuwa yeye.