Kilema cha Madoa

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua sare, Bhoke alikwenda kuokota mayai ndani ya gari. Ndiyo, ndani ya gari! Kuku wa bibi yake walikuwa na banda zuri nyuma ya jiko, lakini walilidharau. Walitaga kwenye kiti cha nyuma cha gari la marehemu babu, wakakaa humo wakiringa kama abiria waliolipa nauli.

Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, mgongo wake umeteremka mpaka kwenye buti, rangi yake ya chungwa imechujuka. Babu yake, Mzee Wanzagi, alikuwa mfugaji kabla hajawa dereva, kwa hiyo alilipatia gari lake jina la ng'ombe. Aliliita Madoa, kwa ajili ya viraka vya kutu milangoni. Pale Kiabakari watu hawakusema gari la mzee limepita. Walisema, "Madoa huyo, anakwenda Musoma."

Bhoke alikuwa darasa la sita na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuuliza. Kwa nini redio inakoroma mvua ikikaribia? Maji ya betri yana ladha gani? Swali hilo la pili bibi alilijibu kwa kumvuta sikio. Babu peke yake ndiye hakuchoka naye. Alimshikisha spana, akamwonyesha injini, na kila alipoulizwa alijibu.

Kisha, Bhoke akiwa darasa la nne, babu akaugua, akalazwa Musoma. Siku moja Bhoke, kwa upweke na udadisi, alifungua boneti. Aliona kifuniko chenye nyaya nene, kimeshikwa na vibanio viwili tu. Akavifyatua. Ndani yake kulikuwa na kidude cheusi, kidogo kama kizibo, chenye ulimi wa shaba. Akakichomoa, akarudisha kifuniko. Akajiambia, "Babu akirudi nitamuuliza hiki kinafanyaga kazi gani."

Babu hakurudi.

Baada ya matanga, baba yake mdogo, Yusto, mkulima wa pamba kutoka Bunda, alijaribu kuliwasha gari. Injini iliguna, ikaguna, ikakataa. Bibi Matrida akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwacheni," alisema. "Ng'ombe akizoea mkono mmoja, mkono mwingine hampi maziwa. Madoa amemfuata mwenyewe."

Habari hiyo ilienea mtaani, na kila aliyeisikia alitikisa kichwa kwa huruma. Hakuna aliyefikiria kuita fundi. Nani aite fundi wa kutengeneza msiba? Bhoke alikuwa na kile kidude ndani ya kopo la kakao, chini ya kitanda. Alitaka kusema siku ile ile, akaogopa. Kesho yake aliogopa zaidi. Na wewe msomaji unajua, neno likilala ndani huota mizizi.

Miaka miwili ikapita. Bati za nyumba ya bibi zikatoboka, na mvua za vuli zilikuwa mlangoni. Bibi akakubali Madoa auzwe.

Jumamosi moja Yusto alifika na mnunuzi, fundi Chrispin wa Nyakato, pale Musoma. Chrispin alifufua magari ya zamani na kuyakodisha kwenye harusi. Alikuja na pikapu, betri na galoni ya petroli. Alipoliona gari alisimama mdomo wazi.

"Mama yangu! Mgongo huu sijauona tangu nikiwa mtoto."

Akazunguka, akapapasa, akachungulia uvunguni. Bhoke akamfuata nyuma akiwa na maswali yamemjaa kooni, lakini leo hakuthubutu kuuliza hata moja. Chrispin alifungua boneti, akafunga betri yake, kisha akafyatua vile vibanio viwili. Uso ukambadilika.

"Rota haipo," alisema. "Mama, gari hili limechokonolewa. Mtu akitoa kitu kidogo namna hii, huwa hajaja kutoa kimoja. Sijui huko ndani amebakiza nini."

"Sasa?" Bibi aliuliza.

"Nilitaka kulifufua. Lakini kwa hali hii naweza kulichukua kama chuma chakavu tu. Tutalikata, tupime kwa kilo."

Bibi akageuka taratibu, akamtazama Yusto. Yusto ndiye aliyeshika injini mara ya mwisho.

"Mama, unanitazama mimi?" Yusto alisema. "Mimi niibe mali ya baba?"

"Sijasema kitu," bibi alijibu, na hilo liliuma kuliko kusema. Akavuta kigoda, akakaa. "Chrispin mwanangu, katika boma la mume wangu ng'ombe hauzwi kimya. Kabla hajabadili zizi, kila mtu wa nyumbani anasemaga kilema chake mbele ya mnunuzi. Yusto, anza."

"Breki zimekamata," Yusto alisema kwa kinyongo. "Tangi lina kutu. Taa ya kushoto haiwaki."

"Mimi nasema ana kuku," bibi alisema, lakini hakucheka mtu. "Na wa mwisho kusema ni mchungaji, kwa sababu ndiye anayeshinda naye. Bhoke, mjukuu wangu, Madoa ana kilema gani?"

Bhoke akapima haraka. Akinyamaza, Madoa atakatwa vipande na baba yake mdogo atabaki mwizi. Akisema, atamnyang'anya bibi ile hadithi iliyomfariji miaka miwili. Akamtazama Yusto, ambaye macho yalikuwa yamemwiva mekundu.

"Bibi, Madoa hakumfuata babu," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi. Mimi ndiye kilema."

Alikimbilia ndani, akarudi na kopo la kakao. Chrispin alikitoa kile kidude, akakifuta kwenye shati, akakigeuza juani.

"Hii hapa! Nzima kabisa!"

Aliipachika, akafunga kifuniko, akamimina petroli kidogo kwenye kabureta, akamwomba bibi ruhusa kwa macho. Akazungusha ufunguo. Injini iliguna. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, ikatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, na kuku wote wakaruka nje kupitia dirishani wakipiga kelele. Baada ya muda mfupi ikazimika, lakini kila mtu alikuwa amesikia.

Yusto alishika fimbo. Bibi akamzuia kwa mkono. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Kumbe hakunisusa," alisema. "Miaka miwili nakaa hapa najiambia hata gari la mzee limenikataa. Yusto, nisamehe, nimekutazama vibaya." Kisha akamgeukia Bhoke. "Na wewe utaosha mavi yote ya kuku humo ndani. Kwa mikono yako. Ukimaliza utamwomba radhi baba yako mdogo."

"Ndiyo, bibi."

Bei ikawa ya gari, si ya chuma, na bati mpya zilitosha nyumba nzima. Chrispin alipotaka kuchukua kamba iliyoning'inia ukutani ili alivute gari, bibi alimkemea.

"Acha hiyo! Mnunuzi huja na kamba yake. Hiyo ni ya zizi letu."

Chrispin akacheka, akatoa kamba yake kwenye pikapu.

Ilipokaribia Krismasi, honi ililia barabarani. Msafara wa harusi ulikuwa unaelekea Butiama, na mbele kabisa alikuwa Madoa, anang'aa, amevikwa maua. Chrispin alikuwa amepiga rangi mpya ya chungwa, ila mlangoni aliacha doa moja la zamani. Akasimama mbele ya nyumba.

"Shikamoo, mama! Nimemleta awasalimie."

"Marahaba, mwanangu."

Bhoke alisogea mpaka kwenye boneti.

"Fundi, samahani. Ile rota inafanyaga kazi gani?"

Chrispin akateremka pale pale, suti na tai, akafungua boneti. "Hii inazunguka na kugawa moto. Kila plagi inapata zamu yake. Bila hii moto upo, lakini haufiki kokote."

"Jamani, kanisani wanatungoja!" bibi harusi alipiga kelele kutoka ndani.

Madoa akaondoka akinguruma. Bibi Matrida akamwekea mjukuu wake mkono begani.

"Hilo ndilo swali lililolala chini ya kitanda miaka miwili?"

"Ndilo hilo, bibi."

"Basi sikia. Kuuliza si kosa, na kufungua kitu ujue ndani yake kuna nini si kosa kubwa. Kosa lako lilikuwa kunyamaza, watu wakabeba mzigo wako bila kujua. Siku nyingine ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Kilema kikisemwa kinapata fundi."