Bodi Iliyokataa Kukaa

"Mvua imefika Subukia," sauti ilisema kwenye simu.

"Basi wacha nianue nguo," Jepkemei akajibu, akakata.

Maana yake mzigo umeshuka. Aingie kazini.

Alivaa ovaroli la buluu, akachomeka sikioni kifaa kinachofanana na vile vya watu wasiosikia vizuri. Glock 19 aliiacha chini ya kiti cha gari lao, Probox. Fundi wa kompyuta kutoka mtaa wa Rhonda hatembei na bastola.

Jepkemei alikuwa jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni. Tangu Februari aliishi kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima. Mwenzake, Kipruto, alipigwa risasi wakiwa wamekaa bega kwa bega ndani ya gari. Kabla ya kufyatua, muuaji aliweka simu kwenye spika kuuliza amri. Sauti ikajibu neno moja.

"Maliza."

Jepkemei mwenyewe muuaji alidhani amekufa tayari. Tangu siku hiyo alikula, alilala, aliripoti kazini. Hakulia.

Geti lilikuwa jeusi, ndani kabisa ya mtaa wa Section 58. Mwenye nyumba alifungua mwenyewe. Gathogo: mfupi, uzani umemkalia tumboni, sandali miguuni, bastola kiunoni chini ya sweta.

"Niaje fundi. Wewe ndiye Tabby?"

"Ndiye mimi, boss," Jepkemei akaitikia jina lake la bandia. "Ongea kwa nguvu kidogo. Sikio langu si zuri."

"POLE!" Gathogo akapaza sauti. "INGIA!"

Sebule ilikuwa imejaa makasha ya kompyuta. Kando yake, kwenye maboksi, bodi mama, zile sahani pana za kijani zinazobeba viungo vyote vya mashine.

"Hizi zinaenda kituo cha umeme wa mvuke cha Oltiani," Gathogo akasema. "Lori yao inakuja saa sita. Fundi wa kwanza ameshindwa. Bodi zinakataa kukaa. Tengeneza moja iwake, hizo zingine utafuata tu."

Jepkemei akachukua bodi moja, akaigeuza.

Kile alichotumwa kutafuta kilikuwa pale. Kidude cheusi, kidogo kama ukucha, kimechomelewa mgongoni mwa bodi. Risasi ya kuchomelea iliyokishika ilikuwa mpya, inang'aa kuliko nyingine zote.

Kikiingia Oltiani, mtu aliye mbali angeshika vali zote za kituo. Afunge mvuke. Mabomba yapasuke. Zamu nzima iive humo ndani.

Gathogo alikuwa mpokeaji tu. Aliyetakiwa zaidi ni mhandisi aliyekichomelea, na hakuna aliyejua anajificha wapi. Bosi wake Jepkemei, Omolo, alikuwa amekaa kwenye Probox pale kona na mtambo wa kunasa simu. "Mfanye aongee," alikuwa amemwambia asubuhi. "Nipe muda kwa laini nijue yuko wapi."

Akainama juu ya kasha. Tatizo aliliona mara moja. Ndani ya kasha kuna vinguzo vya shaba vinavyoinua bodi isiguse chuma. Kimoja kilisimama mahali ambapo bodi haina shimo, chini kabisa ya kile kidude. Ndiyo maana ilikuwa inainuka upande mmoja. Koleo, mizunguko michache, na kazi ingekwisha.

Alikiacha.

Akakunja vijilimi vya bamba la nyuma vilivyokuwa vinazuia matundu, akasukuma bodi mpaka mashimo yakalingana, akakaza skrubu. Bodi ikalala kwa nguvu juu ya shaba; ikiwashwa, umeme ungepiga shoti. Akaunganisha nyaya.

"Washa," Gathogo akasema.

Feni ikashtuka. Ikazunguka nusu. Ikazima.

"Nini hiyo?"

"Sijui, boss. Hizi bodi sijawahi kuziona. Mwenye kuzitengeneza hayuko?"

Gathogo akaguna, akatoa simu, akaiweka mezani kwenye spika.

"Sema," sauti ikajibu.

Kiswahili kilichonyooka mno, cha mtu aliyekisoma vitabuni.

Jepkemei aliitambua sauti hiyo. Akangoja moyo wake uruke. Haukuruka. Mikono ilibaki mikavu, bisibisi imetulia kati ya vidole.

"Inashtuka inazima," alieleza.

"Waya mdogo wa umeme, karibu na prosesa. Umeuchomeka?"

"Wacha niangalie." Akauchomoa taratibu, akauchomeka tena. "Uko sawa."

"Jaribu."

Feni ikashtuka. Ikazima.

"Ndiye huyo," Omolo akanong'ona sikioni. "Yuko upande wa Kabazi. Ongeza muda."

"Toa RAM zote, vile vibao vya kumbukumbu," sauti ikaamuru. "Rudisha moja. Sukuma mpaka usikie mlio."

"Mlio sitasikia, boss. Sikio."

"HASIKII VIZURI!" Gathogo akaipigia simu kelele.

Jepkemei akatoa RAM, akaifuta meno yake ya chuma kwa kitambaa, akairudisha, akaitoa tena akisema imekaa upande. Gathogo akaanza kutembea huku na huku.

Feni ikashtuka. Ikazima.

Kisha sauti ikasema polepole, "Fungua skrubu. Toa bodi nje ya kasha. Niambie kuna nini chini yake."

"Askari wetu wako Kabazi, wamebakisha nyumba mbili," Omolo akasema. "Dakika, Jepkemei. Dakika tu."

Alifungua skrubu moja. Ya pili. Ya tatu akaiangusha, akapiga magoti kuitafuta chini ya kochi.

"Wewe! Wacha hiyo!" Gathogo akainyanyua bodi mwenyewe. Akachungulia ndani ya kasha. Hakuwa mjinga. "Kuna kitu ya shaba imesimama hapa katikati. Na hakuna shimo yake."

"Nguzo ya ziada," sauti ikasema. "Fundi yeyote angeiona kabla ya kuweka bodi."

Gathogo akageuka. Jepkemei alikuwa bado magotini. Mdomo wa bastola ukamgusa paji la uso. Ulikuwa baridi. Hicho tu ndicho alichokihisi.

"Nani amekutuma?"

Mkono wake ulikuwa umeshika nyaya za pawa saplai ya akiba, kisanduku kizito cha umeme kilichokuwa sakafuni. Akaizungusha kama mtu anayerusha ndoo kisimani. Lile dude la chuma likampata Gathogo kwenye kifundo cha mkono. Risasi ikatoboa dari. Pigo la pili likampata gotini.

Akaanguka kati ya maboksi. Jepkemei akaichukua bastola, akamkalia mgongoni, akamfunga mikono kwa nyaya za kompyuta.

Kwenye simu, mbwa walibweka. Mlango ukavunjika. Watu wakapiga kelele, "Lala chini! Lala!"

"Maliza," Jepkemei aliiambia simu, akaikata.

Omolo alimkuta getini, askari wakiingia mbio.

"Tumemshika na vyombo vyake vyote. Twende Kabazi ukamwone. Ndiye aliyetoa amri ya Kipruto."

"Najua. Nimeongea naye asubuhi hii."

"Huendi?"

"Siendi, mzee."

Omolo akamtazama. "Unavuja damu."

Akashusha macho. Kiganja kilikuwa kimepasuliwa na ukingo wa kasha, damu imelowesha mkono wa ovaroli hadi kwenye kiwiko. Hakujua amekatika saa ngapi.

"Hakiumi," akasema.

Akavuka barabara, mikono mifukoni, bila kuangalia nyuma. Alipita duka la mboga, akapita kanisa la mabati. Alipofika kona, kiganja kikaanza kuuma.