Bakteria wa Tumboni mwa Bwana Pima

Bwana Pima alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu hakati kitambaa kabla ya kukipima mara mbili. Mkewe alishona vifungo kwenye meza ya pili. Kila mchana Bwana Pima alikula nyama ya kukaanga na mkate mweupe, akashushia soda. Mboga alimwachia mkewe.

Ila kwa wiki tatu alikuwa na siri. Kila akienda chooni aliona damu. Aliona haya, akanyamaza.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa mkewe, alileta sketi ipunguzwe kiuno. Alifanya kazi maabara, hospitalini.

"Shemeji, mbona leo umepooza?" aliuliza.

"Kazi nyingi tu."

Mkewe akaweka sindano chini. "Sema ukweli. Juzi nilipofua niliona damu kwenye nguo yako."

Bwana Pima akatazama sakafu. "Ni bawasiri. Itaisha yenyewe."

"Nani amekupima?" shemeji akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Ala! Kitambaa unakipima mara mbili, mwili wako hata mara moja?"

Wote watatu wakacheka. Kisha shemeji akasema taratibu, "Huenda ni bawasiri kweli. Huenda pia ni saratani ya utumbo mpana. Kwa kukisia hatutajua. Kesho twende."

Wakaenda. Daktari aliingiza mrija mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Kwenye ukuta wa utumbo akaona kinyama kimeota. Akakiondoa papo hapo, akakipeleka maabara.

Wiki ile ya kusubiri ilikuwa ndefu. Bwana Pima alishona mkono wa shati kwenye tundu la shingo. Mkewe aliufumua, akamshika bega.

Majibu yakatoka: si saratani. Ila kinyama hicho kingeachwa kwa miaka, kingeweza kugeuka kuwa saratani.

"Lakini kwa nini mimi?" Bwana Pima aliuliza.

"Sababu si moja," shemeji alijibu. "Kuna umri, kurithi, sigara, pombe. Na chakula pia. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wanakula mabaki ya chakula chetu, kisha wanatoa kemikali."

"Kumbe nafuga!"

"Mabilioni, shemeji! Wape nyuzinyuzi za maharage, mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa. Watatoa kemikali inayolisha ukuta wa utumbo na kuutuliza. Ukila nyama nyekundu na mafuta mengi kila siku, bila mboga, baadhi yao hutoa kemikali zinazouchubua. Ukuta ukichubuka miaka na miaka, saratani inaweza kuanza."

"Basi nimewalisha vibaya, maskini."

"Anza leo. Ila mboga hazichukui nafasi ya kipimo. Ukiona damu, nenda hospitali."

Siku za kwanza maharage yalimjaza gesi, na mkewe akafungua madirisha yote mawili. Baadaye tumbo likazoea. Nyama akaila mara mojamoja, na jioni akatembea na mkewe. Damu haikurudi. Alipopimwa tena kwa tarehe aliyopangiwa, utumbo ulikuwa safi.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alikuja kushonesha suti. Mkewe Bwana Pima alipotoka kidogo, mwalimu alimnong'oneza fundi, "Naona damu chooni. Sijamwambia mtu."

"Hata mimi niliiona," Bwana Pima alisema. "Vaa koti lako, twende wote."

Akafunga duka mchana ule ule.