Sahani Mbili Juu ya Paa

Siku mama wa msichana mmoja alipofariki, darasa la msichana huyo lilikuwa na kipindi cha hesabu saa nne. Wanafunzi walitoa madaftari, wakangoja. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa ndiye mama yake, na hakuwa mtu wa kuchelewa. Mlango ulipofunguliwa, aliingia mwalimu mkuu, akamwita msichana nje.

Mwalimu mwingine hakupatikana. Baada ya mazishi, shule ilipatana na shule ya mjini: mwalimu wa kule angefundisha madarasa yote mawili kwa pamoja, la huku likimfuata kwenye skrini. Kazi ya kuunganisha alipewa mjomba wa msichana, fundi wa mitandao, ndugu wa marehemu tumbo moja.

Mjomba alifunga sahani mbili za kunasia mtandao juu ya paa. "Sikiliza, mpwa wangu. Hii kubwa inabeba mzigo mwingi kwa mkupuo mmoja. Picha itakuwa kama kioo. Lakini inapitia minara ya watu njiani, na kila mnara una foleni yake. Hii ndogo inatazamana na mwenzake wa mjini uso kwa uso. Hubeba kidogo, ila hufika upesi."

"Si kubwa ndiyo bora?"

"Lori hubeba magunia mengi. Ukitaka kumwita daktari, utatuma lori?" Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. "Ndiyo maana tunapima mara mbili. Kwanza ukubwa wa mzigo. Kisha tunapiga hodi, tunaangalia 'karibu' inakawia kiasi gani kurudi."

Mzigo aliupima mwenyewe asubuhi. Hodi ilipaswa kupimwa saa nne, ofisi zote zikiwa kazini na foleni imejaa. Lakini mjomba aliitwa kwingine, akamwachia mpwa wake kompyuta.

Saa nne msichana alibonyeza kitufe. Sahani ndogo ilijibu kufumba na kufumbua. Kubwa ilijikongoja, na hodi nyingine hazikurudi kabisa. Msichana aliinua macho, akatazama pale mbele ya ubao alipozoea kusimama mama yake. Akawaza mtu mwingine akiuliza, na darasa zima likimjibu kwa furaha ile ile. Moyo ukakataa.

"Zote sawa, mjomba," alisema kwenye simu.

"Una hakika?"

"Sawa kabisa."

Basi ikawashwa kubwa.

Siku ya kwanza mwalimu wa mjini aliuliza eneo la pembetatu. Redio, mvulana aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliruka juu. "Ishirini na nne!" Alikuwa sahihi. Mwalimu alingoja, hakusikia kitu, akauliza, "Wewe uliyesimama, unaitwa nani?" Hapo ndipo jibu likamfikia: "Ishirini na nne!"

Kicheko cha watoto wa mjini kilifika huku Redio akiwa ameshakaa. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Ishirini na Nne. Akanyamaza. Wengine nao, wakiogopa kuchekwa, wakanyamaza.

Mtihani wa muhula ulipokuja, karibu darasa zima lilianguka. Mwalimu wa mjini akapiga simu kwamba amechoka kufundisha ukuta, anaacha. Mwalimu mkuu alimwita mjomba, akamfokea uani mbele ya wanafunzi. "Fundi gani wewe? Umetuharibia watoto!"

Mjomba aliinamisha kichwa. "Nilipima, mwalimu."

Msichana alimfuata mpaka kwenye ngazi ya kupandia paani. "Mjomba, nilikudanganya. Kubwa ilikuwa inachelewa. Niliona."

"Kwa nini, mama?"

"Sikutaka wamjibu mtu mwingine."

Mjomba aliketi kwenye kipago cha chini cha ngazi, akafuta uso kwa kiganja. "Hata mimi simpendi yule mwalimu wa mjini, na hajanikosea kitu. Uchungu wako ni wa haki. Uongo wako si wa haki. Anayedanganya kwenye kipimo humuumiza asiyejua kwamba kuna kitu kilipimwa. Redio alikukosea nini? Na mama yako, siku moja tu, aliwahi kumkosesha mtoto aliyepata jibu?"

Msichana alitikisa kichwa.

"Basi twende. Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama kando yako."

Akasema. Mwalimu mkuu alimsihi mwalimu wa mjini, naye akakubali kurudi. Msichana alimwomba Redio radhi. Redio akajibu, "Nimesikia," akaenda zake.

Sasa kipindi hupita kwenye sahani ndogo. Picha ina ukungu, lakini swali likiulizwa, darasa hujibu papo hapo. Redio hukaa dawati la nyuma, na bado hajanyoosha mkono.