Kadi Tatu za Mwaija

Stendi ya Korogwe siku ya gulio haina adabu. Mwaija alikuwa akiwahi kazini kutoka Kilole, gauni lake jipya la kitenge limenyooka kwa pasi, mara akasikia charrr! Mkono wa gauni umenaswa na bunda la waya begani mwa kijana mmoja mrefu.

"We kaka! Huoni?"

"Nimeona, dada. Ndiyo maana nikausahau waya."

"Acha maneno, ninasue! Na hiyo suruali yako ya bugaluu, vijana wa chama wakikukuta wataichana, tuwe wawili."

Kijana akacheka. Aliitwa Mbwana, fundi wa simu, na waya ule alikuwa akiupeleka Handeni kwenye ghala la ushirika. Lo! Mwaija ndiye aliyekalia kiti cha ubao wa simu wa ushirika huohuo, pale Korogwe. Laini mpya ya Handeni ikishaunganishwa, ingeishia mezani kwake.

Ikaunganishwa, na Mbwana akabaki Handeni kuitunza. Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa hivi:

"Korogwe, wanipata?"

"Nakupata, Handeni. Umekunywa chai?"

"Chai bila sauti yako, mpenzi, ni maji ya moto tu."

"Muone! Fanya kazi."

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na dawa au mbegu za kijiji kama Kwaluguru ziliombwa kwa simu ile. Mwaija alikuwa msichana wa kwanza kukalia kiti kile, tena alijijua. Hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa.

Alhamisi Mbwana akamwambia, "Kesho saa kumi jioni nitakupigia. Nina neno la watu wazima."

Ijumaa mchana walipima laini. Kadi ukutani ilisema: ukipima, zima kengele, ukimaliza, washa kengele. Mwaija akazima, akapima, akawasha. Kisha akakaa kusubiri. Saa kumi, kimya. Saa kumi na moja, kimya.

"Neno la watu wazima, kumbe la watoto!" alisema peke yake, na alilia njia nzima mpaka Kilole. Jumamosi Mwaija hakupiga, wala hakupigiwa.

Jumatatu akaja mkaguzi kutoka Tanga. Saa tatu Handeni ilitakiwa kuita mbele yake. Saa tatu ikapita, kengele bubu. Mzee Laurenti, mkuu wa ofisi, akapandisha hasira, akaiita Handeni mwenyewe.

"Mbona hupigi?"

Sauti ya Mbwana ikasikika chumba kizima. "Nimepiga mara tatu, mzee. Hata Ijumaa saa kumi nilipiga mara tatu. Naona huko hawanitaki."

Moyo wa Mwaija ukaruka. Alipiga! Kumbe alipiga!

"Binti, ulikuwa umelala?" mkaguzi akauliza. "Kiti hiki apewe mwingine."

"Shikamoo mzee, lakini sikulala," Mwaija akajibu, akausogelea ubao. "Tazama. Swichi kubwa ni ya kengele ya ubao mzima. Hizi ndogo, kila laini na yake. Wakati wa kupima nilizima zote mbili. Kadi ikaniambia 'washa kengele', nami nikawasha kubwa. Ya Handeni ikabaki imelala. Mkono ni wangu, ila kadi hii itampoteza yeyote."

"Basi iandike wewe, kama unajua."

Akaandika palepale, kwa herufi kubwa, kadi tatu, akazibandika ukutani. Ya kwanza: RUHUSU LAINI MOJA IITE, washa swichi yake ndogo, halafu kubwa. Ya pili: RUHUSU LAINI ZOTE ZIITE. Ya tatu: RUDISHA KILA SWICHI ULIVYOIKUTA.

Mzee Laurenti akazima swichi zote mbili, akaiambia Handeni ipige tena. Mkaguzi akamwita Paulina, mfagiaji, ambaye hajawahi kuugusa ubao. Paulina akasoma kadi ya kwanza kwa kidole, akabonyeza ndogo, akabonyeza kubwa.

Krrrriiing!

Paulina akaruka nyuma. Mzee Laurenti akapiga makofi. Mwaija akapokea.

"Korogwe hapa."

"Mwaija? Laazizi, ulinikasirikia?"

"Nilikulilia, mjinga wewe. Swichi yako ilikuwa imelala. Haya, sema neno lako la Ijumaa."

"Kuna watu hapo?"

"Wapo, tena wanasikia. Sema."

Mbwana akakohoa. "Nataka kumtuma mshenga kwa baba yako. Unanikubali?"

Mkaguzi mwenyewe kalamu imemsimama mkononi. Mwaija akazitazama kadi zake tatu ukutani, wino haujakauka, akajisikia mrefu kuliko mlingoti wa simu.

"Nimekukubali. Ila mshenga aje Jumapili," akasema. "Siku za kazi niko kwenye kiti changu."

Kisha akamgeukia mkaguzi. "Mzee, andika: Handeni imeita, Korogwe imeitikia."